Mapaja ya Mbuzi Chini ya Koti

Pale buchani, kila jioni, tulikuwa tunapimwa kama nyama. Wala sitii chumvi. Kabla ya kutoka kwa mlango wa nyuma, kila mfanyakazi alipanda kwenye mizani ileile iliyopokea ng'ombe asubuhi. Mlinzi alisoma mshale, kisha akatazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwako, ambako uzito wako uliandikwa kwa wino usiofutika. Ukilingana, unakwenda zako nyumbani. Ukizidi, unabaki kueleza hizo kilo za ziada umezitoa wapi.

Kanuni hiyo aliileta Msimamizi, ambaye tulimwita Gramu, ila si mbele yake. Kabla hajaja, mkata nyama mmoja alinaswa akitoka na steki ya ng'ombe aliyoizungusha kiunoni chini ya shati. Mwenye bucha akamfukuza yule mtu siku hiyohiyo na kutuletea Gramu, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la saruji. Sasa, kwenye saruji, mfuko ulioandikwa kilo hamsini utabaki na kilo hamsini mpaka siku ya kufunguliwa. Gramu aliamini binadamu naye ni hivyohivyo. Alitupanga mstari, akatupima, akatuandika. Nilipomuuliza tutapimwa upya lini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akajibu kuwa mtu mzima ameshamaliza kukua.

Mimi ni keshia. Nakaa kwenye kibanda cha kioo katikati ya bucha, na kutoka pale naona kila kitu: kaunta ya wateja kulia, magogo ya kukatia nyama kushoto, na mbele yangu kabisa mlango wa chuma wa chumba cha baridi. Watu husema nina mdomo. Kweli ninao, na kazi ya kukaa ndani ya kioo kutwa nzima haikuupunguza.

Gogo la katikati lilikuwa la Shangazi. Si shangazi yangu wa damu, ni wa bucha nzima. Hata wateja waliomzidi umri walimwita hivyo. Alikuwa mwanamke pekee kati ya wakataji, na wale wanaume wawili waliosimama kulia na kushoto kwake walikuwa wanafunzi wake kabla ya kuwa wenzake. Alianza kazi pale kabla sakafu haijawekwa vigae. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono iliyokaza, na wembamba wake aliuringia waziwazi. Kitambulisho chake kiliandikwa kilo sitini na mbili, naye alikivaa kama nishani. Mteja mnene akilalamika kwamba nguo zimeanza kumbana, Shangazi alikuwa akimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mbavu anazokata: "Funga mdomo, dada. Mwili hauli wenyewe." Wengine walicheka, wengine wakanunua nyama bucha nyingine. Yeye hakujali, kwa sababu hajawahi kunenepa, na mtu ambaye hajawahi kunenepa ni mwepesi sana wa ushauri.

Kisha likamkuta.

Lilianza na joto. Tuko kwenye kazi, asubuhi ya ubaridi, wenzake wamevaa sweta chini ya makoti meupe, na mara Shangazi anaweka kisu chini. Uso unaiva, jasho linamtoka kwenye paji la uso na kutiririka hadi kidevuni. Anafungua kifungo cha juu, anajipepea kwa karatasi ya kufungia maini, halafu anavuta mlango wa chumba cha baridi na kupotelea ndani. Anakaa huko. Anatoka ametulia, anaokota kisu, anaendelea kana kwamba alikwenda tu kuchukua kitu. Shida ni kwamba alikuwa hatoki na kitu chochote. Mara ya kwanza sikujali, lakini siku zilivyokwenda safari zikawa nyingi, nami kutoka kwenye kioo changu nilikuwa naona na nilikuwa naona kwamba Gramu naye anaona.

Baada ya joto zikaja hasira. Aligombana na wenzake kuhusu feni. Aligombana na msumeno wa mifupa. Mteja mmoja, mzee wa watu mwenye adabu zake, aliomba maini yaliyokatwa vipande vidogo, naye akamuuliza kama huko nyumbani kwake hakuna kisu. Yule mzee alipoondoka na maini yake mazima, Shangazi aliegemea gogo akalia. Nilitoka kwenye kibanda nikamuuliza kulikoni. Alisema yule mzee alikuwa na viatu vizuri vilivyopigwa kiwi, na mtu mwenye viatu kama vile hastahili kujibiwa vibaya. Akalia tena, sasa kwa ajili ya viatu.

Na mwisho zikaja kilo. Zilikuja kimyakimya na zote zikakaa mahali pamoja, tumboni. Shangazi alizipiga vita kwa kila silaha. Kwanza aliacha chakula cha mchana, akawa anakunywa maji ya moto yenye ndimu huku anatutazama sisi tunaokula kwa chuki isiyofichika. Halafu akaacha na cha asubuhi. Alikuwa anakata nyama na kizunguzungu, kisu mkononi, mpaka wenzake wakawa wanasogeza magogo yao mbali kidogo. Tumbo halikutikisika. Jioni, kabla ya kupanda mizani, alivua mabuti ya mpira, kisha soksi, kisha hereni, kisha pete ya ndoa. Jioni moja alichomoa pini zote kichwani na kupanda nywele zikiwa zimesimama pande zote. Mlinzi, ambaye ni mtu wa kuheshimu wakubwa, alitazama mshale, akatazama mbali, akatangaza kwa sauti kubwa, "Sitini na mbili!" Tangu siku hiyo akawa anatangaza hivyohivyo kila jioni kabla hata Shangazi hajatulia juu ya mizani.

Koti likagoma kufungwa. Ukitaka koti kubwa zaidi ilibidi ulipeleke la zamani kwa Gramu na kueleza kwa nini halikutoshi, na Shangazi alikuwa tayari kula mbele ya watu kile kisu chake kuliko kufanya hivyo. Akanunua bendeji pana, ile ya kufungia watu waliovunjika mbavu, akawa anajizungushia kiunoni kila asubuhi chooni, akivuta pumzi ndani na kuapiza. Koti likafungwa. Lakini chini ya koti kukawa na kitu kigumu, cha mviringo, kinachoonekana kwa yeyote mwenye macho. Basi jumlisha mwenyewe: mwanamke anaingia chumba cha baridi mara nyingi bila sababu, anatoka mikono mitupu, na kiuno chake kinazidi kuvimba. Hata mimi ninayempenda, kuna siku nilijikuta nahesabu mapaja ya mbuzi yaliyobaki kwenye ndoano. Yalikuwa yote.

Sikuweza kuvumilia. Mchana mmoja nilimfuata ndani ya chumba cha baridi na kuvuta mlango nyuma yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kreti katikati ya nusu mbili za ng'ombe, koti wazi, bendeji imelegezwa, macho amefumba, uso umejaa raha. Nikamwambia anachezea kazi yake, na kama kuna jambo aseme. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Alisema dada yake mkubwa alianza hivihivi. Tumbo lilivimba, kila mtu akamtania kwamba amenenepa, naye mwenyewe akacheka, na kumbe ndani kulikuwa na uvimbe. Walipokwenda hospitali walikuwa wamechelewa.

"Sasa hili langu," alisema, akiliwekea tumbo kiganja, "nalijua. Ndiyo maana siendi."

Nilimwambia kwamba hiyo si sababu ya kutokwenda, ndiyo sababu ya kwenda, na kwamba kwa mtu aliyewafundisha wanaume wawili kuchambua ng'ombe mzima, akili yake imekatwa vibaya. Alinikasirikia. Kisha akalia kidogo. Kisha akaniuliza kama nitakwenda naye.

Zahanati tulimkuta daktari mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyomteleza puani. Mezani kwake palikuwa na feni ndogo, na feni ile ilimwelekea yeye, si mgonjwa. Mimi niliona hilo mapema nikapata matumaini. Alimuuliza Shangazi mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini. Shangazi akafikiri, akasema amesahau, muda mrefu umepita. Alidhani uvimbe umezizuia. Daktari hakucheka. Alimpima presha, akampima sukari, akamlaza na kumminyaminya tumbo, akamtuma akapigwe picha. Tulingoja majibu kwenye benchi. Shangazi aliniachia mkono wangu mara moja tu, kujipepea.

Daktari aliitazama picha, akaitazama tena, akatuambia hakuna uvimbe.

"Sasa hiki ni nini?" Shangazi aliuliza, akikishika.

"Mafuta, mama."

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu."

Nimeona watu wakishukuru kwa mambo mengi, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwanamke akiinua mikono juu kushukuru kwa ajili ya mafuta. Alimkumbatia daktari mpaka miwani ikaanguka. Alipotulia, daktari alimweleza kwamba hedhi yake imekoma, na kwamba mwili ukifika hapo homoni zinashuka, na zikishuka, joto linakuja bila hodi, usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu, na mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni. Misuli nayo inapungua, kwa hiyo mtu anaweza kula kile alichokula siku zote na bado akaongezeka. Si uvivu, alisema, wala si ulafi. Hapo Shangazi aliinamisha kichwa, nami nikajua anawakumbuka wale wanawake wanene wa kaunta.

Halafu daktari alimgombeza kwa kujinyima chakula, maana mtu akijinyima, misuli ndiyo inayoisha kwanza. Ale, alimwambia, ila apunguze sukari kwenye chai na vitu vya ngano, aongeze mboga, maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta, atembee kwa haraka kila siku, na anyanyue vitu vizito ili mifupa isidhoofike.

"Nanyanyua ng'ombe, daktari," alisema Shangazi.

Daktari alimwambia basi aendelee na ng'ombe wake. Akamwonya kwamba asiache kupima presha, na kwamba damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, aje mara moja, asikae nayo nyumbani akiiogopa. Na kama joto litamshinda kabisa, zipo dawa, warudi wazungumze ipi inamfaa. Aliyasema yote haya huku ameisogelea feni yake, na tulipokuwa tunatoka alifungua vifungo viwili vya koti lake.

Njiani Shangazi alikuwa mwepesi wa roho kama msichana. Lakini kabla hatujafika buchani alinishika bega na kuniapisha. Nisimwambie mtu yeyote pale, hasa wanaume. Nilimuuliza aibu iko wapi. Akasema si aibu. Pale gogoni, alisema, yeye ni mkata nyama. Hawamwoni mwanamke, wanauona mkono wake. Wakishajua haya, wataanza kumpokonya mizigo mikononi, watamwambia apumzike, watamwonea huruma, na siku moja Gramu atampa ufagio kwa heshima zote. "Wataniita bibi," alisema, "na huyo bibi hatapewa kisu." Nikaapa. Nilijua naapa vibaya, lakini niliapa.

Ikawa hivyo. Alianza kula tena, akawa anashuka kwenye gari mbali na nyumbani ili atembee, hasira zikapungua kidogo, na mumewe, fundi wa redio mpole sana, akawa analala kwa sweta na kofia ya sufu kwa sababu madirisha yote yalikuwa wazi. Lakini bendeji ilibaki kiunoni kwa sababu ya koti, safari za chumba cha baridi zilibaki kwa sababu ya joto, na kilo zilibaki kwa sababu zilikuwa zimeshapapenda. Mlinzi aliendelea kutangaza sitini na mbili. Shangazi alikuwa amekalia kuti kavu na anajua.

Jioni moja tulipofika mlango wa nyuma tulimkuta Gramu mwenyewe amesimama kwenye mizani, mikono nyuma. Alimwambia Mlinzi asogee. Siku hizo, niseme ukweli, Gramu alikuwa amezidi kuwa mchungu. Alikuja kazini mapema kuliko wote na kuondoka mwisho, macho mekundu, shati halijapigwa pasi, na alikuwa anashuku kila mtu, hata paka wa nje. Mimi nilifikiri ni saruji iliyomganda kifuani.

Wakataji wawili walipita salama. Mimi nilipita. Shangazi alivua mabuti, hereni na pete, akapanda. Gramu alisoma mshale, akasoma kitambulisho, akasoma mshale tena.

"Kilo tisa," alisema. "Hayo ni mapaja ya mbuzi mazima."

Nilimwambia hakuna paja hata moja lililopotea, kila kinachoingia na kutoka kinapita kwangu, na ndoano zimejaa. Akajibu kwamba huo ndio ujanja wenyewe. Hata leo sijaelewa alikuwa na maana gani. Kisha akasema amemwona Shangazi akiingia chumba cha baridi siku nzima bila kutoka na kitu, na akakigonga kiuno chake kwa ncha ya kalamu. Pakatoa mlio mkavu wa kitu kilichokazwa. Wote tuliusikia.

Alimwambia achague. Afungue koti hapo mbele ya wote, au aache kitambulisho mezani na kesho asije, na bucha zote za mji zitajua sababu.

Wakataji wawili walitazama viatu vyao. Mimi damu ilinipanda, nikasahau kiapo, nikafungua mdomo kumpa Gramu vidonge vyake. Shangazi alininyooshea kidole bila kugeuka.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Mwili ni wangu. Nitausema mwenyewe."

Akateremka kwenye mizani. Akafungua koti, kifungo kimoja kimoja, bila haraka, akatafuta mwanzo wa bendeji na kuanza kuizungusha kuitoa. Ilikuwa ndefu. Ilitoka, ikatoka, ikatoka. Alipomaliza, tumbo lake likakaa mbele kwa uhuru chini ya blauzi, naye akaitupa bendeji kwenye mizani. Mshale haukuona sababu ya kusogea.

"Mkanda ni huo, pima," alisema. "Zilizobaki ni zangu. Nimekuja nazo kutoka nyumbani na nitarudi nazo nyumbani."

Gramu alifungua mdomo, Shangazi akaendelea. Alisema hedhi yake imekoma. Alilitamka neno lenyewe, palepale mlango wa nyuma, mbele ya wanaume wanne, na mmoja wa wakataji akaanza kulisoma bomba la maji kana kwamba lina maandishi. Alisema joto linampanda bila kumpa taarifa, na kwenye chumba cha baridi anakwenda kupoa, basi. Usiku anapigana na shuka, anafungua madirisha, mume wake analala na kofia. Analia kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Alilia kwa ajili ya viatu vya mtu. Tumbo limekuja bila kuitwa, na daktari amemwambia si ugonjwa na si dhambi.

"Nilikuwa naona haya kuyasema," alimalizia, "nikiogopa mtaniona nimezeeka. Basi nioneni. Ukitaka kunifukuza kwa ajili ya mwili wangu, nifukuze. Lakini jina la mwizi sitoki nalo hapa. Hilo liandike kwa wino wako."

Akaokota hereni na pete yake, akaanza kuzivaa.

Nilimtazama Gramu nikitegemea atamfukuza, nami nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaondoka naye, na kioo changu nitakivunja kwanza. Lakini Gramu alikuwa hamtazami tena Shangazi. Alikuwa anaitazama ile bendeji. Alivuta kreti tupu, akakaa, magoti yake marefu yakiwa juu, na alipozungumza nilisikia kwa shida.

"Hayo madirisha," alisema. "Ni kila usiku?"

"Kila usiku," alijibu Shangazi.

"Na kulala sakafuni? Sebuleni, peke yake, bila hata shuka. Nayo imo?"

Shangazi alimtazama vizuri sasa. "Imo. Vigae vina ubaridi."

"Nikimgusa tu mkono..."

"Anakwambia sogea, unaniunguza."

"Ndivyo anavyosema," alisema Gramu. "Maneno hayohayo." Akavua kitambulisho chake mwenyewe shingoni, akakishika bila sababu. "Nilidhani amenichoka. Nilidhani kuna mtu mwingine. Nimekuwa nalinda geti la nyumba yangu kama Mlinzi huyu."

Mimi nilitaka kuendelea kumchukia, nilikuwa na haki kabisa ya kumchukia, na nilishindwa, jambo lililoniudhi sana. Shangazi aliuviringisha mkanda wake wa bendeji ukawa mpira mdogo, akautia mfukoni.

"Hajakuchoka," alimwambia. "Anaungua. Mpeleke kwa daktari, nitakuelekeza. Mnunulie feni, ielekee upande wake, usimwambie amenenepa, na usimuulize maswali ya ghalani."

Gramu aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akasimama, akasema mbele yetu wote, "Nisamehe, Shangazi," akatoka kwa mlango wa nyuma, na kwa mara ya kwanza aliondoka kabla yetu. Hakupima mtu aliyebaki. Hapakuwa na aliyebaki.

Kesho yake asubuhi tulimkuta peke yake juu ya mizani. Alikuwa amezidi kilo nne, naye hakuwa na homoni za kusingizia, zaidi ya mkate. Alikusanya vitambulisho vyetu na kukwangua namba zote kwa ncha ya kisu, kuanzia na chake, na mizani ikarudi kwa ng'ombe. Koti kubwa la Shangazi lilikuja wiki hiyohiyo, limekunjwa vizuri, bila swali. Wakataji wawili walijaribu, kama alivyohofia, kumpokea paja la ng'ombe mabegani. Aliwatazama mara moja tu, wakalirudisha. Na kwenye kaunta, siku mteja mnene alipolalamika kwamba nguo zinambana, nilimsikia Shangazi akimuuliza kwa upole kama analala vizuri usiku.

Halafu siku moja, mchana, aliingia mwanamke mmoja mwenye mwili, amevaa vizuri, uso unameta jasho wakati nje kuna ubaridi. Alisimama mbele ya kioo changu akauliza Shangazi ni yupi. Kabla sijajibu, Gramu alitoka ofisini kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, kama mtu aliyebeba yai. Alimtambulisha: mke wake. Shangazi alimtazama yule mwanamke, akaona mkono wake unavyopepea kola ya gauni, akaweka kisu chini. Hakumsalimia hata. Alimshika mkono, akavuta mlango wa chuma, wakaingia chumba cha baridi pamoja, na mlango ukajifunga.

Gramu alisimama nje ya mlango akiwa ameshika sweta la mkewe mikononi, endapo litahitajika, masikio yake yote ndani. Kisha tukasikia kicheko, cha wawili, kile cha kushika mbavu, kikizidi na kufifia na kuanza tena. Sijui waliambiana nini, na kwa kweli nilitamani kioo changu kingekuwa huko ndani. Gramu aliinamisha uso kwenye lile sweta, akabaki hivyo kidogo.

Mteja mmoja alifika kaunta akataka mbavu za mbuzi, zilizokuwa ndani. Akahimiza, akisema ana safari.

"Subiri kidogo, mama," alisema Gramu, akijifuta macho. "Kuna watu ndani."